Zana nne za kufutia rekodi kwenye MySQL, na ya tano kwa majedwali mazito

DELETE FROM wateja WHERE id = 318; inamfuta mteja mmoja kwenye hifadhidata. Ukisahau nusu ya pili, kuanzia WHERE, inawafuta wote, na MySQL haitakuuliza kitu. Itajibu Query OK, itaje idadi, basi. Autocommit huwa imewashwa tangu mwanzo, maana yake kila amri inathibitishwa palepale inapoisha, na ROLLBACK, amri ya kughairi, utakayoiandika sekunde moja baadaye haina cha kurudisha. Ndiyo maana zana ya kufutia rekodi haifai kupimwa kwa uzuri wa vitufe vyake. Cha kupima ni kile kinachotokea baina ya kidole kubonyeza na muamala (kundi la amri zinazothibitishwa au kughairiwa pamoja) kuthibitishwa: inakuonyesha kitakachoondoka, na inakuachia nafasi ya kughairi?

Zinazopimwa hapa ni phpMyAdmin, MySQL Workbench, DBeaver toleo la Community, na programu ya mysql ya kwenye terminali. Mwishoni inaingia pt-archiver, ambayo ni mnyama wa aina nyingine. Zote ni za bure. Mfano wetu ni hifadhidata ya duka: jedwali la wateja, la ankara linalomrejelea mteja, la malipo linalorejelea ankara, na jedwali nene la sms_zilizotumwa ambalo hakuna anayelitazama mpaka diski ijae. Yote ni ya InnoDB, injini ya kuhifadhi yenye miamala. Yako hakikisha kwa SHOW TABLE STATUS, kolamu ya Engine. Ukikuta MyISAM, habari zote za kughairi utakazosoma hapa hazikuhusu: MyISAM haina muamala, ROLLBACK itakupa onyo namba 1196 na rekodi zitakuwa zimeshakwenda.

phpMyAdmin

Ukilipia hosting ya kawaida yenye cPanel unaikuta imeshawekwa, na mara nyingi ndiyo mlango pekee, kwa sababu SSH (njia ya kuingia kwenye seva kwa terminali) hupewi na bandari 3306 ya MySQL imefungwa kwa watu wa nje. Kwa rekodi moja au kumi inatosha kabisa. Weka tiki kwenye mistari, bofya Delete chini ya orodha, nayo kabla ya kufanya lolote inakuandikia amri zenyewe na kukuomba uthibitishe:

DELETE FROM wateja WHERE `wateja`.`id` = 318

Kila mstari na amri yake, kila amri kwa ufunguo msingi, yaani kolamu isiyojirudia inayoutambulisha mstari. Ukiisoma orodha hiyo badala ya kubofya OK kwa mazoea, ni vigumu kukosea. Ujue tu kwamba Check all inashika mistari iliyo kwenye ukurasa ulio mbele yako, kwa kawaida 25, si jedwali zima. Na jedwali lisilo na ufunguo msingi litakupokea kwa ujumbe kwamba halina kolamu ya kipekee, halafu vitufe vya Edit, Copy na Delete havionekani. Wengi hudhani ni hitilafu ya hosting. Sivyo. phpMyAdmin haina namna ya kuutaja mstari mmoja bila kumgusa pacha wake, kwa hiyo inakataa. Dawa ni kuongeza ufunguo:

ALTER TABLE sms_zilizotumwa ADD id BIGINT UNSIGNED NOT NULL AUTO_INCREMENT PRIMARY KEY;

Kwenye jedwali kubwa amri hiyo inajenga jedwali upya, basi ifanye saa ambazo duka limefungwa.

Kitu bora kuliko vyote ndani ya phpMyAdmin kimekaa kwenye kichupo cha SQL na watu hukipita: kitufe cha Simulate query. Andika DELETE yako kamili, bofya hicho badala ya Go. Itaigeuza kuwa SELECT, ikuambie imelinganisha mistari mingapi, na idadi hiyo ni kiungo cha kubofya uone mistari yenyewe. Hakuna nyingine kati ya hizi nne inayotoa huduma hii kwa kitufe kimoja. Mipaka yake ni miwili. Inakubali UPDATE au DELETE ya jedwali moja tu, yenye JOIN inaikataa. Na haihesabu kitakachoporomoka kwa ON DELETE CASCADE, kanuni ya kufuta pia rekodi zinazomrejelea aliyefutwa. Mteja 318 akiwa na ankara 14 na malipo 22, simulizi itasema 1. Ukishafuta, MySQL yenyewe nayo itasema 1 row affected, kumbe zimeondoka rekodi 37. Kabla ya kugusa jedwali lolote lenye watoto, uliza kwanza nani anamtegemea nani:

SELECT TABLE_NAME, CONSTRAINT_NAME, DELETE_RULE
FROM information_schema.REFERENTIAL_CONSTRAINTS
WHERE CONSTRAINT_SCHEMA = 'duka' AND REFERENCED_TABLE_NAME = 'wateja';

Ukiona CASCADE kwenye kolamu ya mwisho, watoto wataondoka na mzazi. SET NULL, watabaki bila mzazi lakini kwa utaratibu. RESTRICT au NO ACTION, utagonga kosa 1451, yaani huwezi kumfuta mzazi mwenye watoto. Baada ya kulipitia jedwali la watoto, rudia swali hilo kwa majina yao, kwani nao wanaweza kuwa na wao.

Hapo kwenye 1451 ndipo phpMyAdmin inapoharibu sifa yake. Chini ya kisanduku cha SQL kuna tiki ya Enable foreign key checks, ukaguzi wa funguo za kigeni, yaani viungo vya jedwali moja kwa jingine, na ushauri uliozagaa ni kuiondoa ili amri ipite. Inapita kweli. Lakini ukaguzi ukiwa umezimwa, CASCADE nayo haifanyi kazi, kwa hiyo ankara 14 zinabaki zikimrejelea mteja asiyekuwepo, na kuwasha ukaguzi baadaye hakukagui data iliyokwisha kuwemo. Yatima hao hawaonekani mpaka ripoti ya mauzo isitimie. Wanatafutwa hivi:

SELECT a.id FROM ankara a LEFT JOIN wateja w ON w.id = a.mteja_id WHERE w.id IS NULL;

Kuna mtego mwingine usio na ujumbe wowote. Kila unapobofya Go, phpMyAdmin inafungua muunganisho mpya na kuufunga ukurasa ukishatoka. Ukiandika START TRANSACTION na DELETE kwenye ukurasa mmoja ukitegemea kuandika COMMIT, amri ya kuthibitisha, kwenye mwingine, muamala unakufa katikati na rekodi zinarudi zenyewe. Unabaki unashangaa mbona hazifutiki. Muamala mzima lazima uwe ndani ya kisanduku kimoja. Ukitaka majaribio tu, kuna tiki ya Rollback when finished: inatekeleza, inakuonyesha idadi, inarudisha.

Kuhusu muda: phpMyAdmin yenyewe inajiwekea sekunde 300, na hosting nyingi zinakata mapema zaidi. Ukurasa ukikatika usibofye tena. Nenda SHOW PROCESSLIST uone kama amri ya kwanza bado inakimbia, la sivyo utakuwa na mbili zinazogombania makufuli yaleyale.

Empty na Drop vimewekwa jirani kwenye orodha ya majedwali, na hilo ni kosa la usanifu tusiloweza kulisamehe. Empty ni TRUNCATE: kwenye MySQL haina ROLLBACK, haiamshi triga (amri zinazojiendesha) za DELETE, na inarudisha hesabu ya AUTO_INCREMENT mwanzo. Jedwali la wateja litanusurika kwa kosa 1701 kwa kuwa linarejelewa na ufunguo wa kigeni. Sms_zilizotumwa halina mtetezi.

MySQL Workbench

Workbench inakuja na ulinzi umewashwa. DELETE isiyo na WHERE inayotumia kolamu yenye indeksi (orodha ya kutafutia haraka) inarudi na Error Code: 1175. Ni ulinzi mzuri, na karibu kila mtu huuzima siku ya kwanza kwa SET SQL_SAFE_UPDATES = 0, au huuhadaa kwa kuongeza AND id > 0, sharti ambalo kila rekodi inalitimiza. Ukifanya hivyo umenunua kufuli ukaacha ufunguo mlangoni. Njia ya haki ni kuchagua vitambulisho kwanza kwa SELECT, kisha kufuta kwa id, au kuweka indeksi kwenye kolamu unayoichujia mara kwa mara. Indeksi hiyo ungeihitaji hata bila 1175: katika hali ya kawaida ya InnoDB, REPEATABLE READ, DELETE isiyo na indeksi inafunga kila mstari inaoupitia, si inayoifuta tu, na keshia anayejaribu kurekebisha ankara nyingine kabisa anangoja sekunde 50 na kupewa kosa 1205. Anayetaka kuzima ulinzi kwa kudumu atakuta tiki ya Safe Updates kwenye Preferences, sehemu ya SQL Editor, na mabadiliko hayashiki mpaka uunganishe upya.

Kosa kubwa la Workbench ni kitufe cha radi. Kinatekeleza kila kilichomo kwenye kichupo, au ulichokichagua kwa kipanya. Kichupo kikiwa na DELETE nne za wiki iliyopita na moja ya leo, radi inapiga zote tano. Tumia Ctrl+Enter, inayotekeleza amri ile tu ambayo kishale kimesimama ndani yake. Na unapochagua kwa kipanya, hakikisha umefika hadi nukta-mkato. Ukiishia mwisho wa mstari wa kwanza na WHERE ikabaki chini, MySQL imepokea amri kamili isiyo na masharti. Mtego huo upo kwenye kila zana inayotekeleza kilichochaguliwa, lakini hapa angalau 1175 itakuokoa kama hukuizima.

Kwenye upau kuna kitufe cha kuzima autocommit, na vya COMMIT na ROLLBACK pembeni yake. Kizime kabla ya kufuta chochote. Ukifutia kwenye gridi, hakuna kinachoondoka mpaka ubofye Apply, na dirisha la Apply linakuonyesha SQL. Gridi ikigoma kuharirika, jedwali halina ufunguo msingi, hadithi ileile.

Halafu kuna zile sekunde 30. Workbench inakata kusubiri baada ya muda huo na kuandika Error Code: 2013, muunganisho umepotea. Seva huenda bado inaendelea na amri. Ongeza namba hiyo kwenye Preferences kabla ya kazi ndefu, na ukishakatwa, PROCESSLIST kwanza.

DBeaver

Kwa kazi ya kila siku hii ndiyo tunayoipa nafasi ya kwanza, na sababu ni moja: kila muunganisho unaupa aina, Development, Test au Production. Ukiuita Production, autocommit inazimika yenyewe, na rangi ya kichupo inakukumbusha uko wapi. Hakuna cha kukumbuka asubuhi. Unafuta, unahesabu, unatazama jedwali, kisha unabofya Commit au Rollback. DELETE isiyo na WHERE inakuletea dirisha la onyo. Kwenye gridi, mstari uliofutwa unageuka mwekundu na kungoja Save, na unaweza kutoa SQL yake uisome kabla.

Gharama ya starehe hii ni usahaulifu. Ukifuta saa nne asubuhi, ukaacha muamala wazi, ukaenda kunywa chai, makufuli unayo wewe. Kila atakayegusa mistari hiyo atakaa sekunde 50 na kufukuzwa na 1205. Ukipigiwa simu kwamba mfumo umeganda, tazama kwanza kitufe chako cha Commit.

Na kuna mstari mtupu. DBeaver ina mpangilio unaouchukulia mstari mtupu kuwa mwisho wa amri, na kwenye matoleo mengi ya zamani ulikuwa umewashwa. Tazama hii:

DELETE FROM ankara

WHERE tarehe < '2023-01-01';

Mwandishi ameweka nafasi ili isomeke vizuri. Kishale kikiwa juu, Ctrl+Enter inatuma mstari wa kwanza peke yake. Onyo la DELETE bila WHERE litatokea, na aliyezoea kubofya OK atabofya OK. Nenda Preferences, Editors, SQL Editor, SQL Processing, uweke mpangilio huo uwe Never. Ni kazi ya dakika moja.

mysql ya kwenye terminali

Haina kitufe, haina rangi, na kwa mwenye nidhamu ndiyo yenye madhara machache. Sehemu ya [mysql] kwenye faili la my.cnf weka mistari miwili:

safe-updates
prompt=\u@\h [\d]>\_

Wa kwanza unaleta ulinzi uleule wa 1175. Chaguo hilo lina jina la pili rasmi, --i-am-a-dummy, kumaanisha mimi ni mbumbumbu, na watu wenye uzoefu ndio wanaolitumia zaidi bila aibu. Linaweka pia kikomo cha mistari 1,000 kwa SELECT isiyo na LIMIT, usishtuke. Wa pili unakuonyesha muda wote uko kwenye seva ipi na hifadhidata ipi, maana DELETE sahihi kwenye seva isiyo yake ni hasara ileile.

Utaratibu ni huu:

START TRANSACTION;
SELECT COUNT(*) FROM ankara WHERE hali = 'rasimu' AND tarehe < '2023-01-01';
DELETE FROM ankara WHERE hali = 'rasimu' AND tarehe < '2023-01-01';

Usiandike DELETE upya. Bonyeza mshale wa juu, badilisha SELECT COUNT(*) tu, WHERE iache kama ilivyo. Ukikosea katikati ya kuandika, \c inatupa ulichoandika. Idadi mbili zikilingana, COMMIT. Zisipolingana, ROLLBACK, utafute sababu ukiwa umetulia. MariaDB, ambayo ndiyo iliyo nyuma ya hosting nyingi zinazojiita MySQL, inaongeza RETURNING: DELETE … RETURNING id, jina inakuonyesha kilichofutwa mstari kwa mstari. PostgreSQL nayo inayo. MySQL yenyewe haina.

Zisichokikamata zana zote nne

DELETE FROM ankara WHERE mteja_id IN
(SELECT mteja_id FROM wateja WHERE hali = 'imefungwa');

Inasomeka vizuri: futa ankara za wateja waliofungiwa akaunti. Ila jedwali la wateja halina kolamu ya mteja_id. Yake inaitwa id. Ungetegemea kosa, na ukitekeleza SELECT ya ndani peke yake utalipata, namba 1054. Ikiwa ndani ya DELETE hakuna kosa lolote: MySQL haikuiona kolamu hiyo kwa wateja, ikatoka nje ikaikuta kwenye ankara, na sharti likawa mteja_id iwe sawa na mteja_id. Akiwepo mteja mmoja tu aliyefungiwa, ankara zote zenye mteja zimekwenda. Onyo la DELETE bila WHERE halitokei, kwa sababu WHERE ipo. Huu si ugonjwa wa MySQL, ndivyo SQL ilivyo popote. Kinga ni kuipa kila kolamu ya ndani jina la jedwali lake, SELECT w.id FROM wateja w, na kuitekeleza SELECT ya ndani peke yake kwanza.

Ndugu yake hana madhara ila anasumbua: WHERE id NOT IN (SELECT mteja_id FROM ankara). Ikiwepo NULL hata moja kwenye mteja_id, hakifutwi kitu, 0 rows affected. Tumia NOT EXISTS.

OR bila mabano ni ya tatu. WHERE hali = 'rasimu' OR hali = 'batili' AND tarehe < '2023-01-01' inafuta rasimu zote, pamoja na ya leo asubuhi, kwa kuwa AND inashika kwanza.

Tarehe zinahitaji jicho zaidi. BETWEEN '2023-01-01' AND '2023-12-31' kwenye kolamu ya DATETIME inaishia saa 00:00:00 ya tarehe 31, kwa hiyo mauzo ya siku nzima ya mwisho wa mwaka yanabaki. Andika >= '2023-01-01' AND < '2024-01-01'. Kisha angalia saa ya seva kwa SELECT NOW(). Hosting iliyopo Ulaya au Marekani mara nyingi iko kwenye UTC, sisi wa Afrika Mashariki tuko mbele kwa saa tatu, na siku ya seva inaanza kwetu ikiwa saa tisa usiku. Kolamu ya TIMESTAMP inageuzwa kufuata ukanda wa muunganisho wako, ya DATETIME inabaki kama ilivyoandikwa. Ukitumia CURDATE() kufuta rekodi za jana na zaidi, mauzo ya baada ya saa sita usiku yanaweza kuangukia upande usioutaka.

Kuondoa wateja waliojirudia ni kazi inayoombwa sana. Ukiiandika kwa SELECT ya jedwali hilohilo utagonga kosa 1093. Njia ya JOIN inapita:

DELETE a FROM wateja a JOIN wateja b ON a.simu = b.simu AND a.id > b.id;

Inabakiza mwenye id ndogo. Kabla yake, hamisha ankara za wanaoondoka ziende kwa anayebaki, na weka indeksi kwenye simu. Ukumbuke pia kwamba namba inayoanza na 07 na ileile inayoanza na +2557 au +2547 kwa MySQL ni watu wawili.

Na kabla ya kazi yoyote kati ya hizi, toa nakala ya kile tu unachokwenda kufuta:

mysqldump --single-transaction --no-create-info --insert-ignore --skip-tz-utc --where="tarehe < '2024-01-01'" duka ankara > kabla.sql

Usiiache --no-create-info. Bila hiyo faili linaanza na DROP TABLE IF EXISTS, na siku utakapotaka kurudisha rekodi 400 zilizofutwa kimakosa, litaangusha jedwali zima, likuachie hizo 400 peke yake. --skip-tz-utc nayo ina kazi: mysqldump hufanya kazi kwa UTC, na kwenye kolamu ya TIMESTAMP mpaka wako wa tarehe ungesogea kwa saa tatu. Wasio na terminali watumie Export ya phpMyAdmin kwenye matokeo ya SELECT yenye WHERE ileile, muundo wa SQL, data pekee bila muundo wa jedwali.

pt-archiver, kwa mamilioni

Sms_zilizotumwa lina mistari milioni 40 na unataka kuondoa milioni 30. DELETE moja ya kiasi hicho inashika makufuli mpaka mwisho, inanenepesha kumbukumbu za undo (za kurudishia mabadiliko), na replika, seva yenye nakala, inabaki nyuma. Ukiona imechukua muda ukaiua kwa KILL, InnoDB inaanza kurudisha mstari kwa mstari, na kurudisha kunaweza kuchukua muda mrefu kuliko ulivyokwisha tumia kufuta. Kuzima seva hakusaidii. Umeme ukikatika ni vilevile: ikiwaka inaendelea kurudisha ilipoachia. Data haiharibiki, subira tu.

pt-archiver ni sehemu ya Percona Toolkit, imeandikwa kwa Perl, na inafuta kwa vifungu vidogo:

pt-archiver --source h=localhost,D=duka,t=sms_zilizotumwa --where "tarehe < '2024-01-01'" --file '/bakapu/%Y-%m-%d-%D.%t' --limit 1000 --txn-size 1000 --sleep 1 --progress 10000 --statistics --dry-run

--dry-run inachapisha amri itakazotumia bila kuzitekeleza. Zisome, kisha iondoe. --limit na --txn-size ziandike mwenyewe, kwa sababu zote mbili huanzia 1, na kwa mamilioni hiyo ni safari ndefu mno. --file inaandika kila rekodi kabla ya kuifuta, kwa muundo unaorudishwa na LOAD DATA INFILE. Usipotaka nakala weka --purge mahali pake. Mwisho ukikuta mstari mmoja wenye id kubwa kuliko yote umebaki ingawa unatimiza sharti, si hitilafu: inauacha makusudi ili hesabu ya AUTO_INCREMENT isirudi nyuma, jambo lililokuwa likitokea seva ikiwashwa upya kabla ya MySQL 8.0.

Ubaya wake: inataka SSH, Perl na moduli ya DBD::mysql, na kwenye Windows ni kujitafutia tabu. Wa hosting ya pamoja watumie cron (ratiba ya kazi za seva) inayorudia DELETE … ORDER BY id LIMIT 1000 mpaka iseme 0. MySQL inakubali LIMIT kwenye DELETE, PostgreSQL haikubali.

Kwa mfano wetu wa milioni 30 kati ya 40, hata pt-archiver si chaguo la kwanza. Kubakiza kumi ni rahisi kuliko kufuta thelathini: CREATE TABLE sms_mpya LIKE sms_zilizotumwa, ingiza zinazobaki kwa INSERT … SELECT, halafu RENAME TABLE sms_zilizotumwa TO sms_zamani, sms_mpya TO sms_zilizotumwa kwa amri moja. Simamisha utumaji wa SMS wakati huo, maana zitakazoingia katikati zitabaki kwenye jedwali la zamani. LIKE hainakili funguo za kigeni wala triga, ziongeze kwa mkono.

Aliyefuta kwa sababu mteja ameomba taarifa zake ziondolewe, haki iliyomo kwenye sheria ya Kenya ya 2019, ajue kwamba rekodi bado imo kwenye bakapu na kwenye binlog, kumbukumbu ya mabadiliko ya seva, ambayo MySQL 8.0 huiweka siku 30. Aliyefuta ili apate nafasi kwenye diski atakuta faili la .ibd, lenye data ya jedwali, liko na ukubwa uleule. InnoDB inaitunza nafasi hiyo kwa rekodi zijazo. Kuirudisha kwa mfumo ni OPTIMIZE TABLE, itakayojibu kwamba jedwali halikubali optimize na inalijenga upya badala yake. Huo ndio ujumbe wake wa kawaida. Inataka nafasi tupu ya kutosha nakala nzima ya jedwali jipya, kwa hiyo mwenye kwota iliyojaa hadi juu afute kwanza bakapu za zamani na faili za log, kisha ndipo aiite.